Likizo ya uzazi inaisha na moyo hautaki kurudi kazini: nikiacha, naondoka na nini?

*"Shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 29, naishi Mikindani. Nimefanya kazi miaka minne kwenye kampuni binafsi hapa Mtwara mjini kama msaidizi wa mhasibu, mshahara kwenye mkataba ni 650,000. Mtoto wangu wa kwanza ana wiki tisa, likizo niliianza siku ileile niliyojifungua. Zimebaki wiki tatu na sitaki kurudi. Mshahara wenyewe unaishia njiani: nauli na chakula 4,500 kwa siku, dada wa kazi anataka 80,000 kwa mwezi, na nina mkopo wa benki unaokatwa 118,000, umebaki kama milioni moja na laki tisa. Mume wangu analima korosho Tandahimba na ana duka dogo hapa nyumbani. Mwenzangu wa ofisini anasema nikiandika barua nitalipwa kiinua mgongo na NSSF watanirudishia michango yangu yote, nifanyie mtaji. Rafiki yangu anataka tuingie vijijini kununua korosho msimu ukianza. Mwingine ananitisha kwamba nisiporudi nitadaiwa mishahara ya likizo. Mama mkwe anasema niache nilee, mama yangu mzazi anasema nitajuta. Barua nimeshaiandika, bado kuituma tu. Naomba unieleweshe."*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kutuletea mjukuu. Nianze na hiyo barua: usiitume. Sikukatazi kuacha kazi, hilo ni la kwako na mwenzio. Nakukataza kuituma ukiwa likizo, kwa sababu ukiituma leo utaondoka na hela pungufu kuliko ukiituma wiki chache zijazo, kwa kazi ileile na mshahara uleule.

Nimesoma swali lako mara mbili. Naona watu watano wamekushauri, kila mmoja ameshika kipande chake, na wewe usiku unanyonyesha huku unajaribu kuviunganisha. Swali lako hasa, nadhani, ni kama nyumba itasimama bila mshahara wako. Nitafika hapo, ila kwanza tuondoe yasiyo kweli.

Anayekutisha kwamba utadaiwa mishahara ya likizo amekosea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo. Hakuna mahali sheria hiyo inaposema mama akiacha kazi baadaye arudishe alicholipwa. Ila utoe mkataba wako kabatini uusome wote, hasa kama kampuni iliwahi kukulipia masomo, maana hapo ndipo masharti ya kurudisha fedha hujificha. Kama hakuna kitu cha namna hiyo, hilo lisikunyime usingizi.

Kiinua mgongo kipo kweli, ila mwenzako amekusimulia nusu. Sheria inatoa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwako, 650,000 tukiigawa kwa siku 26 za kazi ni 25,000 kwa siku. Siku 7 mara miaka 4 ni siku 28, kwa hiyo 700,000. Hiyo laki saba ndiyo anayoiona yeye. Lakini hulipwa pale mwajiri anapokuachisha. Ukiandika barua mwenyewe haupati, labda mkataba wenu uwe umetoa zaidi ya sheria. Anayeacha kazi kwa hiari anastahili mshahara wa siku alizofanya, malipo ya likizo ya mwaka ambayo hakuichukua, na cheti cha utumishi. Hicho cheti ukidai, hata kama leo hukioni kazi. Siku utakapotaka kurudi kwenye ajira, mwanao akiwa na miaka mitatu, ndicho kitakachosema ulikuwa wapi.

Sasa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, maana hapa ndipo wengi wanaumia. Lile fao la kujitoa walilokuwa wakichukua kaka na dada zetu zamani, unaacha kazi, unajaza fomu, unapewa michango yako, limeshaondolewa. Kuna fao la upotevu wa ajira: aliyechangia angalau miezi 18 na kupoteza kazi hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Ila ni la aliyepoteza kazi bila kuacha mwenyewe. Barua yako, kwa maneno uliyoandika, inakutoa hapo. Na asije mtu akakushauri uombe kampuni ikuandikie barua ya kupunguzwa kazi ambayo si ya kweli. Huo ni udanganyifu, na jina litakaloitwa ni lako.

Michango yako haipotei. Kwenye mshahara wa 650,000, wewe unakatwa 65,000 na mwajiri anaongeza 65,000, jumla 130,000 kila mwezi. Ikiwa mshahara haukubadilika kwa miezi 48, pale pana kama 6,240,000. Zinabaki kwa jina lako. Pensheni ya kila mwezi inahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na wewe una minne. Unaweza kuendelea kuchangia mwenyewe kama mtu aliyejiajiri, kwa namba yako ileile ya uanachama, na miezi ikaendelea kuhesabiwa. Ukiacha kabisa, utangoja umri wa kustaafu upewe mkupuo. Kwa hiyo NSSF usiihesabu kama mtaji wa mwaka huu. Ifute kabisa kwenye hesabu za biashara.

Lakini kuna hela ya NSSF ambayo hukuiuliza, nayo ni yako sasa hivi: fao la uzazi. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 36, na kati ya hiyo miezi 12 iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua, anastahili. Wewe una 48. Hukokotolewa kwa wastani wa mshahara wako wa siku kwa wiki 12. Nimekaa na akina mama wengi wa Mtwara, Lindi na Masasi, na wengi hawakuwahi kuambiwa na ofisi zao, wakaja kusikia mtoto akiwa anatambaa. Nenda kabla mtoto hajafikisha miezi mitatu, nenda ukiwa bado mwajiriwa, maana fomu inapita kwa mwajiri. Beba kitambulisho chako, kadi ya kliniki, tangazo la kizazi au cheti cha kuzaliwa, na slipu zako za mshahara. Ukiwa pale dirishani uliza jambo la pili: wakutolee taarifa ya michango yako yote, mwezi kwa mwezi. Kama kuna miezi uliyokatwa kwenye slipu lakini haikupelekwa, ni rahisi zaidi kuifuatilia ungali mfanyakazi.

Nirudi kwenye barua. Kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, notisi ya kuacha kazi isipungue siku 28. Na sheria hiyohiyo inasema notisi isitolewe wakati mtu yuko likizo, wala siku za notisi zisihesabiwe pamoja na siku za likizo. Ukigoma kufanya kazi siku za notisi, mwajiri ana haki ya kukata malipo ya siku hizo kwenye stahiki zako.

Miaka michache iliyopita alinijia mama mmoja, mtoto kamfunga mgongoni kwa kanga, mkononi slipu ya mwisho aliyoikunja mara nne mpaka karatasi imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Alikuwa ameandika barua kwenye karatasi ya daftari, akaipiga picha, akaituma kwa simu wiki ya saba ya uzazi. Bosi wake akajibu jioni ileile: nimepokea, nakutakia kila la heri, kuanzia leo. Mama akafurahi, akadhani amepata mwajiri muungwana. Mwisho wa mwezi wakamkata mshahara wa notisi, likizo yake ya mwaka haikuandikwa popote, na wiki tano za uzazi zilizobaki zikayeyuka. Alitegemea laki sita, akakuta 43,000. Alikuwa na hoja ya kupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), ila mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 30 na madai mengine ndani ya siku 60, na yeye alifika kwangu miezi mitano baadaye. Nilimwangalia akiikunja tena ile slipu, nikakosa la kumwambia.

Wewe bado una nafasi. Maliza siku zako 84. Kama una likizo ya mwaka ambayo hujaichukua, omba kwa maandishi iunganishwe hapo hapo. Ni siku 28, mwajiri ndiye mwenye sauti kubwa kwenye tarehe, lakini wengi hukubali ukiomba mapema kwa lugha nzuri. Kisha rudi kazini, kabidhi barua siku ya kwanza, fanya notisi yako ya siku 28. Jumlisha: 84, na 28, na 28, ni siku 140. Mtoto atakuwa na wiki 20, na wewe umelipwa kila siku ya hizo. Ukituma barua leo, malipo yanaweza kukoma akiwa na wiki tisa.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko hela yake. Mtoto wa wiki tisa hana saa, hana usiku, na mama yake anafikiri kwa kichwa kilichochoka. Wa wiki 20 anacheka, ananyonya kwa mpangilio, na mwezi mmoja na nusu mbele anaanza uji. Nimeona akina mama waliofika hapo wakaichana barua, na wengine waliofika hapo wakaikabidhi wakiwa na amani. Wote waliamua wakiwa wameshapata usingizi wa kutosha.

Ukirudi, hata kwa hizo siku za notisi tu, sheria inakupa hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, kwa ajili ya kunyonyesha. Toka Mikindani mpaka mjini ni mbali kukimbilia mchana, kwa hiyo omba uzitumie kwa kuchelewa kuingia saa moja na kutoka saa moja mapema. Ombi hilo liwe la maandishi. Anza pia sasa kumzoesha mtoto maziwa ya kukamuliwa kwa kikombe, usingoje siku ya kurudi.

Tuje kwenye mshahara unaosema unaishia njiani. Chukua kalamu tuhesabu pamoja. Kutoka 650,000 toa 65,000 ya NSSF, inabaki 585,000. Kodi ya mshahara kwenye hiyo ni 33,000. Unashika 552,000. Nauli na chakula, 4,500 mara siku 26, ni 117,000. Dada wa kazi 80,000, na tusijidanganye, atakula na kufua, tuweke 60,000 nyingine. Toa zote: inabaki 295,000. Ukikatwa mkopo wa 118,000 inabaki 177,000, na ndiyo maana unaona hakuna kitu.

Lakini mkopo si gharama ya kwenda kazini. Fedha yake uliipokea siku nyingi, ukaitumia, na ukikaa nyumbani utakufuata hukohuko, miezi kama 16. Kwa hiyo kazi yako inaiingizia nyumba 295,000 safi kila mwezi, ukiongeza na 130,000 inayokwenda NSSF ni 425,000. Si 650,000, na si sifuri. Hiyo 295,000 ndiyo namba mtakayoijadili wewe na baba mtoto, na akijibu "tutaiziba na duka," muulize duka liliacha faida gani Februari iliyopita, mwangalie kwenye daftari.

Naitaja Februari kwa makusudi. Nyumba za huku kwetu zinaishi kwa msimu. Minada ya korosho inaanza Oktoba, hela zinaingia benki mpaka karibu na Januari, pikipiki zinanunuliwa, mabati yanapanda juu ya nyumba, harusi na unyago kila kijiji. Kisha shule zinafunguliwa, masika yanakuja, palizi inataka vibarua, na ikifika Mei au Juni mkulima anatafuta hela ya kupulizia salfa. Wa Lindi na Nachingwea angalau ana ufuta wa kumwokoa katikati ya mwaka. Anayetegemea korosho peke yake anaishi kwa daftari la madeni la duka, na safari hii duka lenyewe ni lenu, kwa hiyo wateja wenu nao watakopa kwenu miezi hiyohiyo. Katika nyumba ya namna hiyo, mshahara mdogo unaokuja kila tarehe 28 unafanya kazi ambayo milioni tatu za Novemba haziifanyi. Ndiyo maana mama yako anaogopa, ingawa pengine hakuweza kulieleza hivyo.

Hii haina maana huwezi kuacha. Ina maana mkiacha mshahara, mtengeneze mwingine. Kaeni muandike nyumba inakula kiasi gani kwa mwezi bila anasa: chakula, sabuni, umeme, maji, mtoto, mkopo. Tuseme ni 400,000 na duka linaleta 200,000 kwa wastani. Pengo ni 200,000. Kutoka Januari mpaka Septemba ni miezi 9, yaani 1,800,000. Malipo ya mnada yakiingia, hiyo itoke kwanza, kabla ya pikipiki, kabla ya mchango wa harusi yoyote. Iwekwe mahali pasipo karibu na mkono. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, unapokea kuanzia 100,000 na ukihitaji kutoa unapata ndani ya siku chache za kazi. Akaunti ya pili ya benki isiyo na kadi pia inafaa. Kila mwisho wa mwezi unatoa laki mbili, huo ndio mshahara wa nyumba. Kama baba mtoto hakubali hilo kwa mdomo sasa, halitatokea Novemba fedha ikiwa mkononi, na hapo jibu langu kwako ni rudi kazini.

Mkopo ushughulikie kabla ya barua. Nenda benki ukiwa bado unapokea mshahara, uliza mambo matatu: ukiacha kazi deni lote linadaiwa kwa mkupuo au utaendelea kulipa kidogo kidogo, kampuni ilisaini kuelekeza stahiki zako za mwisho benki au hapana, na bima ya mkopo inagusa nini. Bima hizo mara nyingi ni za kifo na ulemavu wa kudumu, kuacha kazi kwa hiari hakumo. Mteja anayekuja kabla hajachelewesha rejesho anaweza kupangiwa upya muda. Anayekuja baada ya miezi mitatu ya kimya anakuta jina lake limeshapelekwa kwenye kumbukumbu za wakopaji. Fao la uzazi likitoka, sehemu yake ipunguze hapa. Na katika miezi ya pengo usiguse mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kali, wala ile ya kwenye simu inayoomba kuona majina ya watu wako wote. Ni bora uache kazi mwaka ujao kuliko uache sasa ukiwa na mkopo wa namna hiyo juu ya ule wa benki.

Kati ya kurudi moja kwa moja na kuacha moja kwa moja kuna njia za katikati. Likizo bila malipo ya miezi mitatu, kwa mfano, haiko kwenye sheria kama haki yako, ni makubaliano. Ukiipata, barua iseme tarehe ya kurudi, nafasi yako inashikwaje, na nani anachangia NSSF miezi hiyo. Kazi za hesabu pia zinaweza kufanyika siku tatu za wiki, au nusu siku. Mwajiri aliyekaa nawe miaka minne anajua kumfundisha mgeni vitabu vyake kunachukua muda gani. Uliza. Akikataa, hujapoteza kitu.

Sasa biashara ya rafiki yako. Mwanangu, kununua korosho vijijini nje ya chama cha msingi ndiyo kangomba yenyewe, hata mkiiita jina jingine. Korosho ghafi inauzwa kupitia AMCOS, yaani hicho chama cha msingi cha ushirika, na mnada wa stakabadhi ghalani, na anayenunua shambani kwa mkulima mwenye shida anavunja sheria. Mnakumbuka msimu wa 2018, serikali iliponunua korosho yote kwa 3,300 kwa kilo kupitia jeshi: walioshika mizigo wasioweza kuonyesha shamba waliishia kulia. Na niseme la moyoni, yule mnayemnunulia kwa bei ya njaa mwezi wa nane ni mama kama wewe, mwenye mtoto mgongoni, anatafuta hela ya dawa. Usianze maisha mapya hapo. Kama unapenda korosho, iko biashara ya kubangua, kukaanga na kufungasha. Bodi ya Korosho makao yake makuu yako hapahapa Mtwara, waulize utaratibu wa kupata korosho kihalali, kisha SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakufundishe kufungasha na kufuata alama ya ubora ya TBS. Inalipa polepole, na inataka mikono miwili isiyo na mtoto mchanga.

Mimi ningeanzia kwenye unachokijua. Wewe ni mtu wa hesabu. AMCOS zinahitaji watu wa vitabu msimu wa mnada, na maduka ya Chikongola yamejaa wafanyabiashara wanaoweka risiti kwenye boksi la viatu mpaka siku watu wa kodi, TRA, wanapouliza. Watu watano wa kuwatunzia hesabu, kila mmoja 40,000 kwa mwezi, ni 200,000, nayo ndiyo pengo lile tulilolihesabu. Kazi unafanyia mezani nyumbani mtoto amelala, na mtaji ni daftari na kompyuta. Watafute sasa, wawili wa kwanza, ungali kwenye ajira. Angalia tu mkataba wako hauzuii.

Ukitaka mkopo wa biashara, ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa makundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Kwa wanawake inatolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, si kwa mtu mmoja, na inataka subira. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yako ndiye mlango. VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, ni vizuri kwa kuweka, ila kabla hujaacha mshahara fungua daftari uone umemdhamini nani. Dhamana zako hazikomi kwa sababu umekoma kulipwa.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza na pengine unaona aibu. Korosho ziko kwa jina la baba mtoto, malipo yanaingia akaunti yake, duka bila shaka leseni ni yake. Ukiacha kazi, hela yote ya nyumba itakuwa na jina moja. Simsemi vibaya mkwe wangu, simjui. Nasema hata nyumba yenye upendo inapatwa na ugonjwa na kifo. Sheria iko upande wako kiasi: Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini usisubiri mahakama. Jina lako liingie kwenye duka, akaunti ya akiba iwe ya wote wawili, na mchango wako wa NSSF, hata mdogo, uwe kwenye bajeti kama chumvi na mafuta ya taa.

Bima ya ofisi itakoma pia. Mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure kwa sera kwenye vituo vya serikali, lakini wewe na mumeo mpange bima yenu kabla kadi haijazimwa.

La mwisho silisemi kama mtu wa fedha. Kama hutaki kurudi kwa sababu unatamani kukaa na mwanao, hiyo ni sababu nzuri na haihitaji kutetewa mbele ya mtu. Ila kama ni kwa sababu unalia kila siku, hulali hata mtoto akilala, hupati ladha ya chakula, au unaogopa kubaki peke yako naye, usiamue chochote kuhusu kazi wiki hii. Siku ya kliniki mwambie muuguzi maneno hayohayo, kabla ya kupima uzito wa mtoto. Sonona ya baada ya kujifungua inatibika, na wako akina mama waliotibiwa hospitali ya Ligula wakarudi wakasema barua ile aliiandika mtu mwingine. Ukipata fikra za kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kliniki, nenda siku hiyohiyo na mtu wa kukusindikiza.

Kwa hiyo wiki hii ofisi ni mbili tu: NSSF kwa fao la uzazi na taarifa ya michango, kisha benki. Wiki ijayo ombi la likizo ya mwaka kwa mwajiri, nakala ubaki nayo yenye mhuri wa kupokelewa. Mwajiri akikujibu kwa kukuachisha, au akakwambia nafasi yako imeshajazwa, hiyo si habari ya kuniandikia mimi. Hesabu siku hiyo kama ya kwanza kati ya 30 na uende CMA Mtwara na mkataba wako mkononi. Mama mkwe msikilize kwenye kulea na mama yako msikilize kwenye hela, kila mmoja anajua anachosema. Ukishapata taarifa ya NSSF na jibu la benki, niandikie tena hizo namba mbili na tarehe unayorudi, tuimalize hesabu ya Januari mpaka Septemba pamoja.